Nimerudisha Mchele wa Kanisa na Mtoto Ana Njaa

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na jina langu usilichapishe, maana huku mlimani gazeti moja linazunguka kijiji kizima na kila mtu angejua ni mimi, wewe niite tu Mama Par, na majina mengine yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mjane tangu masika yaliyopita, mlima ulipoporomoka ukachukua shamba letu la mpunga pamoja na mume wangu Hrang Kio aliyekuwa amekwenda kuzibua mfereji, mwili tuliupata, shamba hatukulipata, na nyumbani tumebaki mimi, mama mkwe na binti yangu Par wa miaka mitano, chakula chetu uji wa mahindi, asubuhi uji, jioni uji, na huo nao unazidi kuwa mwepesi.

Desturi yetu unaijua, kila mama kabla ya kubandika sufuria anachota konzi moja ya mchele anaitia kwenye kapu la Bwana pembeni ya meko, na Jumamosi akina mama wa kanisa wanapita kukusanya. Tangu niolewe sijawahi kuruka hata mlo mmoja, na miaka ile ghala likijaa kapu langu lilikuwa linafurika, Jumapili nikisimama kutoa ushuhuda nasema nimeridhika katika Bwana, sipungukiwi na kitu, na sasa pia nasimama, Mama, nasema maneno yale yale, mchungaji anawaambia watu, "Mtazameni Mama Par, amepoteza kila kitu na bado ameridhika," nami naketi moyo umekauka kabisa, hata kuomba siombi, midomo tu inacheza. Na ule mpunga kidogo tuliouweka kwa mbegu nautwanga kila siku kidogo, si kwa kula, ni kwa kuchota konzi niweke kapuni, ili wanaopita Jumamosi wasikute kapu tupu.

Majuzi akaja Ngun Hniang, mwenzangu wa kwaya, amebeba mchele wa kanisa mgongoni. Mumewe alipougua zamani mimi ndiye niliyekuwa nampelekea, na sasa yeye kasimama mlangoni kwangu anahema.

"Mama Par, akina mama wamekutumia."

"Mimi? Wapelekeeni wenye shida."

"Kwani wewe huna shida?"

"Bwana ametutosheleza."

"Haya, ametosheleza. Basi nitue mzigo, dada, mgongo unaniuma."

Sikumtua. Alishuka nao kilima kizima akirudi, na mama mkwe aliyekuwa ndani alisikia yote, akaniambia, "Wewe mwanamke unashiba sifa, sisi wengine tunashiba wali," na tangu siku hiyo hasemi nami, na uji wake anammiminia Par akidhani sioni.

Jumapili iliyopita tukiwa tumesimama kuimba Par alianguka kanisani, alipozinduka akaniuliza, "Mama, wimbo umeisha?" Watu wakasema ni joto limemzidi, na huku kwetu msimu huu ni baridi ya kutetemesha meno, nami nikaitikia, ndiyo, ni joto.

Nikiupokea ule mchele, kanisa zima litajua ushuhuda wangu ulikuwa uongo, nisipoupokea, naogopa hata kuandika. Nifanyeje niupate tena ule moyo wa kuridhika niliokuwa nao? Nimechoka, Mama.

Mama Par

*

Mama Par,

Pole kwa Hrang Kio. Nimeisoma barua yako nikalia, kisha nikakasirika, na nakujibu nikiwa bado nimekasirika, kwa sababu nikipoa nitaanza kukubembeleza, na Par hana muda wa kungoja mama yake abembelezwe.

Unautaka ule moyo wa zamani. Mwanangu, hukuwahi kuwa nao. Ghala lilikuwa limejaa, mume yupo, mtoto ana mashavu. Ulikuwa umeshiba ukadhani umeridhika. Sikucheki, wengi wetu tuliopo makanisani tuko hivyo hivyo, ila sisi mlima haujatuporomokea.

Mtume aliyeandika kutoka kifungoni kwamba amejifunza kuridhika, akiwa na tele na akiwa na njaa, unampenda sana, naona. Je, ulisoma alichokuwa anaandika? Alikuwa anawashukuru watu waliomtumia msaada. Mtu alitembea safari ndefu kumpelekea, naye akapokea. Hakumwambia mgeni ageuke na mzigo wake eti Bwana ametosheleza. Bwana alikuwa anatosheleza kwa mgongo wa yule mtu, kama alivyokuja kwako kwa mgongo wa Ngun Hniang, nawe ukashindwa hata kumtua.

Nikuulize. Ulipokuwa unampelekea Ngun Hniang mchele, ulisema moyoni kwamba huyu imani yake ni ndogo? Hukusema. Basi kwa nini kwake iwe neema na kwako iwe aibu? Hicho unachokiita imani ni kiburi, Mama Par, kimevaa nguo za Jumapili.

Kukauka kwa moyo kusikutishe. Umefiwa. Mwambie Mungu umemkasirikia, amekwisha sikia makali zaidi ya hayo na hajamfukuza mtu. Siahidi kwamba utafurahi. Huenda masika yajayo utalia kila mvua ikinyesha. Kuridhika kwako kutaanza kukiwa kudogo sana, siku utakayoweza kusema "nina njaa" mbele za Mungu na mbele za watu, na usikimbie.

Sasa sikiliza. Leo hii, usingoje Jumamosi, nenda nyumbani kwa Ngun Hniang. Usijieleze. Mwambie, "Dada, nimekuja kuuchukua ule mchele, nisamehe." Ubebe wewe mwenyewe, mchana, upite nao katikati ya kijiji watu wakuone. Wali wa kwanza umpe Par kidogo kidogo, tumbo lililozoea uji lisije likashtuka, na kesho mpeleke kwa muuguzi, umwambie ukweli, habari ya joto iishe. Mbegu zilizobaki usiziguse, hata kwa ajili ya kanisa. Kapu la Bwana likae tupu mpaka mtoto apate nguvu, Bwana hatakufa njaa. Mama mkwe mwombe radhi. Yule mzee anakufa polepole mbele ya macho yako ili mjukuu wake aishi, na hajawahi kusimama kutoa ushuhuda.

Jumapili mchungaji akikuita, baki umeketi.

Na barua ya kunishukuru sitaki. Usiniandikie neno lolote kabla Par hajala.