Landrova Iliyowashwa Kila Asubuhi

Karatu,
9 Machi 1978

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako, maana ukatekista umestaafu lakini salamu hiyo hujawahi kuiacha ipite bila jibu. Mimi ni mzima. Je, kifua chako kinakusumbua bado asubuhi? Na goti la Mama? Yule ng'ombe mweupe amekwisha kuzaa, au bado anawazungusha? Nisalimie wote hapo nyumbani. Lusia simuulizii hali, na sababu yake utaiona mbele.

Usinigombeze kwa mwandiko. Ninaandika katika hoteli ya chai hapa sokoni, na kila baada ya mistari michache nainuka kwenda mlangoni kutazama mawingu. Mlima Oldeani umejifunika tangu juzi. Mwenye hoteli ameniuliza kama kiti chake kina kunguni. Mama huniita kiguu na njia, na wiki hizi jina hilo nimelistahili kweli, maana nikikaa tu naiona mvua ikitutangulia, na korongo likijaa, na yale ya mwaka jana yakirudi.

Uliponikabidhi fedha za ng'ombe hukusema maneno mengi. Ulisema nilete gari linalowaka na kufika. Hukusema zuri, wala hukusema jipya. Nami nilikuelewa, Baba, ingawa siku ile ya korongoni sikuwepo. Masika ile nilikuwa Arusha nikidai mshahara wangu wa udereva kwenye kampuni ya watalii iliyofunga milango baada ya mpaka wa Kenya kufungwa. Ninyi ndio mliombeba dada yangu Lusia na uchungu wake juu ya kitanda mpaka pale korongoni, kwenye njia ya magari. Ninyi ndio mliomsimamisha yule mtu wa Karatu, akasema petroli imekwisha, hawezi kugeuza, akapita. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye majani, hakulia. Nilipofika nyumbani nilikuta mmekwisha mzika. Tangu hapo jina la mtu yule halitajwi kwetu, nami sitalitaja kwa sasa.

Sasa Lusia ana mimba tena, na muuguzi amesema safari hii asingoje uchungu. Aje akae Karatu karibu na hospitali kabla mvua haijaifunga njia. Kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na mawingu, na fedha zenyewe ni zile zile, haziongezeki kwa kuzihesabu.

Nilianza na Kombi. Ilikuwa ya kampuni moja ya watalii inayouza vitu vyake, imepakwa rangi mpya ya maziwa, viti vina vitambaa, hata kioo cha kujitazamia kimo. Kusema kweli niliipenda. Nilimwona Mama amekaa ndani yake anakwenda kanisani kama mke wa mkuu wa wilaya. Lakini mlinzi wa pale, Mmasai mmoja anaitwa Tajewo, alikuwa ananitazama huku anacheka. Nilipomuuliza kinachomchekesha, akaniambia yeye ni mtu wa Engaresero, na gari hilo amelifahamu siku nyingi, lilikuwa linawapeleka wazungu kwao, Ziwa Natroni, linalala kwenye magadi. Akaniambia niinue zulia. Nikainua. Baba, niliiona ardhi! Chuma kimeliwa na magadi, ukikibonyeza kwa kidole kinavunjika kama chapati kavu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilimshukuru Tajewo nikaondoka.

Kutoka hapo nikapanda lori la vitunguu nikateremka Mang'ola, maana nilisikia kuna mama anaitwa Eunike anauza Pijo yake ya mizigo. Mama huyo ana maneno! Nililala chini ya gari nikatazama springi, nikanusa oili, nikachungulia rejeta, akaniuliza mbele za watu kama nimekuja kununua gari au kulichumbia. Wachukuzi wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ila kitu kimoja kilinikera. Gari lilikuwa limeegeshwa juu mlimani, limeelekea bondeni, na kulikuwa na sehemu tambarare kubwa bila kitu. Nikamwomba alishushe tambarare, alizime, tunywe chai mpaka boneti lipoe, ndipo aliwashe. Chai ilipokwisha gari lilikohoa kama mzee, likanyamaza. Wachukuzi wakaja wenyewe bila kuitwa, wakaanza kusukuma, na hapo nikajua hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Mama Eunike hakuona haya hata kidogo. Alisema kwani Mang'ola watu wa kusukuma wameisha? Nikamjibu kwamba Mang'ola hawajaisha, lakini pale korongoni kwetu, mvua ikinyesha, atasukuma nani?

Hilo ndilo nililojifunza kwenye udereva, Baba. Gari linalowashwa mbele yako mchana si la kuamini, kwa sababu mwenye nalo amekwisha lipasha moto kabla hujafika. Gari ulione asubuhi, likiwa na umande, katika baridi hii yetu ya Karatu inayogandisha vidole.

Nilirudi Karatu nimechoka na nimekasirika, nikapita kwa fundi Patrisi kulalamika. Uani kwake ilikuwepo Landrova moja ya zamani, sijawahi kuiona. Sura yake, hapana. Mlango mmoja umefungwa kwa waya, bodi imebonyea, taa moja ni ya gari jingine kabisa. Patrisi akasema mwenyewe anaiuza, amesafiri Mbulu, ufunguo upo, nijaribu nikitaka. Mwenye shida hachagui. Nikaja alfajiri, nikashika boneti, baridi kama jiwe la mtoni. Nikaiwasha. Ikawaka kabla sijaondoa kidole. Nilidhani Patrisi amenichezea, nikaja tena kesho yake mapema zaidi, ikawaka vile vile.

Nikaipeleka Ngorongoro. Nilipita langoni nikaipandisha ule mlima wote wa msituni, kwenye tope jekundu, na ukungu ule unaofanya usiione pua ya gari lako. Haikupiga kelele, haikutoa moshi. Kule juu niliizima, nikajifunika koti, nikaingoja ipoe kabisa. Walinzi wa hifadhi walinifahamu, wakauliza kama siku hizi nawatembeza mizimu. Ilipopoa nikaiwasha, ikawaka. Baba, nilishuka mlima ule nikiimba. Nilikuwa sijaimba tangu nipoteze kazi. Chuma chake kizima, giaboksi nzima, breki zinashika. Nilijiuliza gari lenye umri ule limekaaje na injini ya kijana. Patrisi akasema mwenyewe atanieleza.

Na bei yake ilikuwa ndani ya fedha zako. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana rahisi ghali.

Mwenyewe alirudi Jumapili. Mtu mwembamba, mpole, mkononi ana kitambaa cha kufutia oili. Akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikamwambia mimi ni Nikolaus, mtoto wa katekista Tluway wa Endabash. Akavua kofia. Akakaa juu ya tairi, akasema mbele ya Patrisi kwamba yeye ni Kornelio, na kwamba gari nililolijaribu ndilo lililowapita Baba na Mama na Lusia pale korongoni.

Baba, sasa nimelitaja. Unisamehe, na usiichane barua, endelea kusoma.

Nilimkamata ukosi. Sikufichi, nilitaka kumpiga, na Patrisi hakuniwahi. Yeye hakuinua hata mkono. Alisema petroli ilikuwepo, debe zima nyuma ya kiti. Alidanganya. Alimwona Lusia jinsi alivyokuwa, akafikiri atamfia garini, na gari likishafiwa abiria wataliogopa, naye ndiyo kwanza alikuwa amelinunua. Nikamwachia, si kwa huruma, nikalipiga teke tairi alilokuwa amelikalia.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenifanya nizunguke Karatu siku mbili bila kula vizuri. Wewe na wazee wenzako mlipomtenga, mkasema asisalimiwe, asipewe moto, na mtu asipande gari lake, neno lile lilisambaa mpaka Karatu yote. Abiria aliowaogopa kuwakosa akawakosa wote. Gari likakaa. Lakini kila asubuhi, Baba, tangu masika ile, anatoka, analiwasha, analiacha liungurume, anasikiliza, analizima, anarudi ndani. Haendi popote. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hajui, pengine ni ili siku akiitwa lisije likakataa. Basi injini ile imetunzwa na neno lako. Katika magari yote niliyoyaona, linalowaka ni hilo tu, na linawaka kwa sababu ya yale aliyotutendea.

Nikatukana, nikasema narudi kwa mama Eunike. Nikafika kituo cha malori, nikageuka. Nikaenda tena, nikageuka tena. Mwishowe nikaona jambo hili si langu wala si lako, ni la Lusia.

Jumanne nilikuja Endabash, Baba, na sikuingia kwako. Nakiri. Nilipita nyuma ya shamba nikaenda kwa Lusia, mumewe Inosenti akiwepo, nikawaeleza yote kama ninavyokueleza wewe. Inosenti alitazama chini. Lusia aliendelea kuchambua maharage. Halafu akaniuliza kama gari linawaka. Nikamwambia linawaka. Akasema gari halikumkataa, aliyemkataa ni mtu, na mtu hatumnunui. Akasema nikalipie.

Nimelilipia. Fedha za ng'ombe zako zote nimempa Kornelio bila ruhusa yako, na hati ninayo. Kama ni kosa, kosa ni langu, unikute nalo nikija.

Lakini Lusia alisema na neno la pili. Hatalipanda kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Watu wote wanajua lile ni gari lililotengwa, na aliyesababisha litengwe ni wewe, kwa ajili yake. Hatapanda mpaka wewe, Baba, uwe umekaa kiti cha mbele. Na anasema kweli. Ukilipanda wewe, Endabash nzima itapanda, na nauli zake zitatulisha. Usipolipanda, tumenunua banda la kuku.

Na Kornelio naye aliomba kitu. Bei hakutaka kuiongeza. Aliomba aiendeshe yeye mwenyewe safari ile aliyoikataa, mara moja tu, ndipo anikabidhi ufunguo. Nilitembea mpaka mwisho wa soko na kurudi, nikamkubalia.

Kwa hiyo sikuja nalo mwenyewe. Nimekwenda kushika chumba cha Lusia karibu na hospitali, hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba sina ubavu wa kuutazama uso wako ukisoma maneno haya.

Baba, barua hii Kornelio amempa Inosenti kule korongoni, na wewe umepewa na Lusia mwenyewe. Mtazame miguuni. Amevaa viatu, na kifurushi chake kipo nyuma ya mlango, Mama anajua. Kornelio yuko pale korongoni, mahali pale pale alipowapita, injini ameizima. Nimemwambia asikanyage uwanja wako, na asiiwashe mpaka akuone wewe kwa macho. Ukisema hapana, Lusia atavua viatu, yeye atageuza, na mimi nitaanza kutafuta upya kwa miguu hii hii, wala sitakulaumu. Ukienda, usimwambie neno kama huna. Panda tu.

Itawaka, Baba. Hilo tu ndilo ninaloweza kukuapia.

Mwambie Mama asisahau shuka nzito, chumba nilichopata kina baridi. Msalimie Inosenti, na yule ng'ombe akizaa mniletee habari. Mwenye hoteli ameninyang'anya kiti sasa, namalizia nimesimama mlangoni, na tone la kwanza limeangukia karatasi, unaliona hapo chini. Mungu awatangulie njiani. Nimeagiza chai ya watu wanne, mmoja wao ni Kornelio, nami nitakuwa nimesimama hapa hapa barabarani nikiwaangalia mnavyokuja.

Mwanao asiyetulia,
Nikolaus