Hatua ya Nane

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Nimenunua albamu! Ya kwanza maishani, na nina miaka thelathini na saba. Mpaka leo muziki wangu wote umeingia kwa kadi ya simu: unampa jirani yangu Guerschom kadi, unarudi baada ya nusu saa, ameijaza nyimbo mia tatu, nusu yake hukuziomba. Hii ya leo ni santuri. Kubwa kama sinia. Haiingii kwenye begi, nimeibeba mikononi soko zima la Owino, watu wananipisha kama nimebeba keki ya harusi.

Sababu ni Ayaa, mpenzi wangu. Alhamisi, sikukuu ya uhuru, nakwenda kwa baba yake kwa mara ya kwanza. Mzee Saverio Ojera. Miaka thelathini na moja kwenye bendi ya polisi, ngoma kubwa, sasa amestaafu. Ana gramafoni na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Ayaa amesema waziwazi: bila neno la mzee, haolewi. Si kwamba hanitaki. Ananitaka, hata mimi nashangaa! Lakini mama yake hayupo tena, amebaki mzee tu, na hawezi kumruka. Na mzee alishasema juu yangu kabla hajaniona: "Mukongo atapiga gitaa, wewe utakula nyuzi?" Nyuzi ni za Jumapili tu, gitaa la besi kwenye kwaya. Siku sita nauza vitenge kwenye vichochoro vya Kikuubo. Hiyo ya vitenge hakuisikia.

Basi nikaiona kati ya viatu vya mtumba. Kwenye jalada: ngoma kubwa ya jeshi, ya zamani, imesimama peke yake juu ya kilima. Nyuma, picha ndogo ya wanaume watano wenye nyuso za msibani, mmoja ana tarumbeta. Maneno ya Kiingereza mengi. Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Lakini ngoma ni ngoma! Nikampigia Ayaa papo hapo: mwambie mzee namletea gwaride, bendi ya polisi ya Ulaya.

Halafu nikala rolex mbili, zile chapati za mayai, kwa furaha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Guerschom ameiona. Anauza muziki na kava za simu mlango wa pili kutoka kwangu, na anajua kila kitu, ni ugonjwa. Akageuza jalada, akatafuta kwenye simu, hakupata wimbo hata mmoja — maelezo mistari miwili tu.

"Weye Josias, hii haiko gwaride. Iko progressive rock."

Ndiyo nini? Akasoma: roki ndefu, ya watu waliosoma. Upande wa kwanza una wimbo mmoja tu. Mmoja! Dakika ishirini na tatu. Nikamwambia gwaride nalo ni refu. Na progressive si maana yake maendeleo? Kama miradi ya mashirika. Mzee alikuwa mtu wa serikali, atapenda. Guerschom akaniangalia vile anavyoangalia simu iliyoingia maji.

Ningeweza kumpigia Ayaa niseme nimekosea. Sikupiga. Nilishasema "gwaride" kwa sauti mbele ya wauza viatu wote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu. Niandike haraka kabla sijaanza kuipamba.

Nilivaa suti ya kwaya. Nilikwenda peke yangu, maana ukoo wangu wote Kampala ni mimi. Wengine wako Uvira, kule Kongo, wengine sijui wako wapi. Mzee akafungua mlango, akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia.

"Watu yako iko wapi? Unakuja peke yako kama mtu ya kusoma mita?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Gwaride la uhuru lilikuwa limekwisha kwenye televisheni. Ayaa akaleta mboga ya malakwang na viazi vitamu, nikala kwa adabu hadi nikamwagia mboga tai. Kisha mzee akaitoa santuri kwa mikono miwili, akaiweka, akashusha sindano. Na akasimama! Wima kabisa, kidevu juu, akisubiri ngoma.

Kwanza upepo. Upepo tu. Halafu filimbi. Halafu kinanda, kama cha kanisani lakini chenye homa. Dakika nne hivi. Mzee bado amesimama. Nikasema, "Wanajipanga, mzee." Ndipo ngoma ikaingia — Mungu wangu, ngoma gani! — na mzee akaanza kupiga hatua palepale kwenye zulia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto — na ngoma ikaanza upya! Mguu wake wa kulia ukabaki hewani. Akainua sindano, akarudisha mwanzo, upepo wote tena, filimbi yote tena. Hatua saba. Mguu hewani.

Akanigeukia polepole. "Hii bendi ni ya polisi ya wapi?"

Ulaya, mzee.

"Ulaya wapi?"

Nikasema Ubelgiji. Sijui kwa nini Ubelgiji!

"Polisi ya Ubelgiji iko na miguu ngapi?"

Ayaa akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka ndani ya taulo.

Ila kuna jambo lingine, na humu naweza kulisema. Mara ya tatu mzee aliiacha iendelee, amekaa, amekunja mikono. Mimi nilikuwa naomba zulia linimeze. Na besi ikaanza. Besi! Haikuifuata ngoma. Ilishika njia yake, ikazungumza, ikabisha, halafu wakakutana huko mbele kama walipatana tangu asubuhi. Miaka kumi na tano napiga besi, na kazi yangu ni kusimama nyuma na kusema ndiyo. Sikujua besi inaruhusiwa kuuliza swali. Nilisahau suti. Nilisahau mzee. Machozi yakanitoka, na mzee akayaona, nadhani akafikiri ni majuto ya Ubelgiji.

"Enda," akasema. "Hii inabaki hapa." Alisema vile polisi wanavyosema juu ya baiskeli iliyokamatwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ayaa anasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini, hakusema. Santuri iko kule. Ayaa yuko kule. Najiuliza nina hamu na nani zaidi, na swali hilo lisitoke kwenye daftari hili.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeangusha kanisa.

Wimbo wa sadaka. Watu wetu hutoa sadaka kwa kucheza, safu kwa safu, toka viti vya nyuma hadi kwenye kikapu, wote mguu mmoja. Mimi ndiye ninayeushika mguu huo, kwa besi. Leo vidole vyangu vikahesabu saba. Sikuviagiza! Safu ya kwanza ikajikwaa. Ya pili ikaipanda ya kwanza. Mzee wa kanisa mmoja akakikumbatia kikapu akakaa nacho chini. Mpiga ngoma alikuwa ananitazama kama nimemvua suruali.

Mama Victoire, kiongozi wa kwaya, alinikamata mlangoni. "Josias, weye uko mugonjwa? Batu banaanguka mu kanisa! Wende upimwe malaria!"

Nimesema ndiyo, nitapimwa. Ningemwambia nini? Kwamba nina hamu ya upepo na filimbi? Besi wameninyang'anya mpaka nipone.

Jumanne, 14 Oktoba

Ayaa amepiga simu wakati wa mapumziko yake ya kazi, hospitali ya Mulago, kelele za machela nyuma yake. Alikuwa anacheka, halafu hacheki. Mzee anaiweka ile santuri kila siku baada ya chakula. Kila siku! Amesogeza meza ukutani. Anapiga hatua, akifika ya saba anasimama, anarudisha sindano mwanzo. Ndivyo walivyofundishwa: mtu mmoja akikosea, bendi nzima inarudi mwanzo wa uwanja. Majirani wanachungulia dirishani. Na ametoa daftari lake la kazini, anaandika tarehe na saa.

"Mzee anasema kuna mtu ameiba hatua ya nane. Kila mzunguko, moja. Amefungua kesi."

Na mshukiwa?

"Banange, jamani Josias. Wewe."

Nilitaka kucheka. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba jana alimuuliza mzee kuhusu sisi, na mzee akajibu hawezi kumpa binti yake mtu asiyeeleweka hata muziki wake. Basi ndiyo hiyo. Nimeweka maisha yangu kwenye sinia la Owino.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata! Nimepata na goti limevimba.

Nilikuwa nakwenda chooni, nahesabu saba kichwani, na miguu inafuata. Kikuubo, saa tano asubuhi. Nikafika ya saba, mguu ukakosea, nikataka kusimama nianze upya kama mzee. Kikuubo hakuna kusimama! Mchukuzi mwenye magunia nyuma yangu akapiga kelele, "Ssebo, genda!" akanisukuma. Nikaenda. Nilikwenda nikikosea, kulia mahali pa kushoto, hatua zote saba za makosa — na iliyofuata ilikuwa kushoto. Mahali pake! Hatua haikuibiwa. Inarudi mzunguko wa pili ukiisha. Mzee hajawahi kuufikia wa pili, maana husimama kwenye kosa la kwanza.

Nikasimama kwa furaha. Ndipo lile gunia likanipata.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ujumbe wa Ayaa: "Mzee anakuita Jumapili saa nane mchana. Uje na maelezo. Na usije peke yako."

Guerschom amekubali kuwa ukoo wangu. Nimemwambia asivae miwani ya jua. Anasema ukoo wa heshima huvaa miwani.

Jumapili, 19 Oktoba

Niko verandani kwa mzee, kwenye kigoda, daftari kwenye goti lililovimba. Nimesema nakwenda msalani. Siwezi kukaa bure, ndiyo maana naandika.

Alitukalisha mimi na Guerschom kwenye kochi moja. Akafungua daftari lake. "Jina." Anajua jina langu! Nikalitaja. "Kabila." Nikataja. "Nani alikula hatua ya nane?"

Nilikuwa nimepanga hotuba. Yakatoka mengine. Nikasema, mzee, kwanza nilidanganya. Hawa si polisi. Ubelgiji niliitunga hapa hapa. Niliona ngoma kwenye jalada, nikaogopa kusema sijui. Akaandika yote, neno kwa neno, polepole. Guerschom akanikanyaga kiatu ninyamaze, amechelewa.

"Na ile siku ulilia. Kwa nini?"

Kwa sababu ya besi, mzee.

Hilo hakuliandika. Akaenda kwenye gramafoni.

Upepo. Filimbi. Kinanda. Tukasimama, yeye na mimi, bega kwa bega. Ngoma ikaingia. Kushoto, kulia, tukafika ya saba, mzee akasimama na mkono ukaenda kwenye sindano. Nikamshika mkono! Mimi! Nimemshika mzee wa watu mkono ndani ya nyumba yake! Nikasema, "Usirudi, mzee. Endelea kukosea."

Guerschom akavua miwani.

Na mzee akaendelea. Uso kama anameza kwinini. Hatua saba upande mbaya, kila moja inamuuma, miaka thelathini na moja inamuuma — halafu mguu wa kushoto ukatua juu ya pigo la ngoma. Pamoja kabisa.

"Eh!" akasema. Ayaa alikuwa mlangoni, sahani mkononi. "Eh! Ilikuwa hapa!"

Tulizunguka mara sita. Halafu akaketi, akahema, akasema bila kunitazama: "Ile maneno ya Ayaa, mimi najibu wimbo hii ikiisha."

Dakika ishirini na tatu! Nikatoka na daftari.

Sasa imefika mahali ambapo sijawahi kufika. Besi iko peke yake. Inauliza. Hakuna anayeijibu, na haiogopi. Nampenda Ayaa jamani. Mzee akisema hapana sijui nitapitaje Kikuubo kesho.

Sasa ni tarumbeta. Inakwisha. Inakwisha kweli. Mikwaruzo tu ya sindano.

Kimya.

Upepo! Ameirudisha mwanzo! Na hakuna aliyekosea, nilikuwa nasikiliza. Nasikia kochi linaburutwa. Guerschom anatoka nalo huku nje, anahema, miwani mfukoni, haniangalii, anatabasamu.

Filimbi.

Mzee anaita. "Josias!" Si Mukongo. Josias. "Kuja, mkwe! Simama huku mkono yangu ya kushoto. Ayaa, weka sahani chini, simama upande ingine. Sasa, wote watatu, tunaanza na mguu ya kushoto!" Nafunga daftari.