Fundi wa Madirisha Aliyepima Uzio

Kaka Ognyan,

Uliandika kwamba "nyumba ya mama haishiki joto, heri ahamie kwetu mjini kabla ya theluji." Si kweli. Vyumba vya juu tumevifunga, tunaishi jikoni penye jiko la kuni. Nyufa za madirisha tumeziziba kwa vipande vya gazeti na gundi ya unga, kama alivyofanya baba kila mwaka. Pilipili hoho za akiba ya baridi tumezichoma na kuzitia kwenye chupa. Mama analala bila soksi.

Jana alikuja yule fundi uliyemtuma kupima madirisha. Alipima uzio, kisima na njia ya gari, dirisha hakuligusa. Mama akaninong'oneza, "Velika, huyu anataka kuwawekea kuku vioo?"

Nilipomuuliza kwa nini anapima uzio, alijibu, "Dada, mimi nafuata maagizo ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni mama, naye alikuwa amesimama mbele yake, ameshika bakuli la gundi.

Wewe na mkeo Desislava, kama kweli hampimishi ili muiuze nyumba hii, leteni kuni kavu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitar mwishoni mwa Oktoba, mzipange ukutani kwa mikono yenu, kisha mwambieni mama, nikisikia, kwamba hakuna atakayemtoa humu akiwa hai.

Dada yako asiyedanganyika,
Velika