Naenda Narudi

Tooting, London
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeanza kupata usingizi, kwamba kifua cha shemeji kimetulia, na kwamba mwanao Zuhura bado anakucheka unapotafuta miwani huku umeivaa. Nakuuliza hali vilevile kama ninavyokuuliza siku zote, maana sijui kuuliza kwingine. Sisi huku ni wazima. Karim bado yuko kwenye mabasi, anakata tiketi na kulalamikia magoti yake. Binti yetu Nargis anarefuka, kila gauni linamwacha. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ilianguka mlangoni Jumanne asubuhi nikiwa nimeshavaa koti. Niliisoma nimesimama. Nikasoma kwamba Mama ametangulia mbele ya haki, kwamba mmemzika baada ya alasiri ubavuni kwa Baba, kwamba watu walijaa mpaka barabarani. Halafu nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaenda kazini. Usinichukie, dada. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kubaki nyumbani. Nilipanda basi, nikalipa, nikateremka kituo changu.

Unajua nafanya kazi kwenye udobi wa hospitali, kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka. Siku ile mvuke uliniunguza mkono na sikujua. Ni mama mmoja wa Jamaika tunayesimama naye ndiye aliyepiga kelele, "Hamida, your arm!" Nikatazama, kweli, ngozi imeinuka. Nikauliza ni wa nani mkono huo. Akadhani namfanyia mzaha.

Karim aliposikia alilia yeye. Mkwe analia sebuleni, mtoto wa kumzaa yuko jikoni anakaanga vitunguu. Ijumaa akawaita majirani wakasoma hitima, nikapika pilau, likatoka zuri, wakalisifu. Dada, mimi sihisi kitu. Nakaa nasubiri kilio kama mtu anavyosubiri chafya, nacho hakiji. Nakwambia hivi usije ukasikia kwa wengine kwamba Hamida hakulia, ukadhani ni Uingereza imenifanya jeuri.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeandika kwamba Zuhura anaolewa na bwana harusi hana pa kumweka, na kwamba nyumba haina nafasi isipokuwa chumba changu, ambacho Mama alikataza kisiguswe. Umesema alikuwa akikifagia kila Ijumaa na kulikung'uta godoro, kwa sababu Hamida alisema anarudi. Umeniambia nikujibu neno moja tu, narudi au sirudi. Nitakujibu. Nivumilie kwanza nikusimulie jambo lingine, maana jibu nimelipatia humo.

Nilishawahi kukuandikia juu ya Bi Margaret, mwalimu aliyenifundisha Kiingereza kule madarasa ya watu wazima. Aliniuliza mara moja nyumbani nilikuwa nasoma nini, nikamwambia hadithi za Kitamil. Alishangaa, maana alinijua kama mtu wa Tanga. Nikamweleza kwamba Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa Nagapatnam, na magazeti ya hadithi yalimfikia kwa meli kutoka Madras, yananuka mafuta ya taa. Wewe ulikuwa ukikimbilia kucheza rede, mimi nikikamatwa nikae mkekani nisome kwa sauti. Kumbe Bi Margaret anakusanya hadithi na mashairi mapya ya kusini mwa India ili atoe kitabu kwa Kiingereza, na kwa Kitamil hana mtu. Basi ndivyo nilivyoanza. Kila Jumamosi nakwenda kwake, namsomea nilichotafsiri, yeye ananinyoosha Kiingereza.

Usifikiri ni hadithi za wafalme na mashetani. Hawa wanaoandika sasa wanaandika mambo ya foleni ya mchele, ya kiwanda cha nguo, ya binti aliyesoma akakosa kazi. Kuna mashairi mafupi kama simu ya maandishi ya posta, unasoma unabaki umekaa. Na maneno mengine, dada, kwa Kiswahili yangekuwa rahisi! Nyumba zao zina ile sehemu ya mbele ya kukaa na kuongea na wapita njia. Nimehangaika nayo kwa Kiingereza wiki nzima, nikajaribu hivi na vile, Bi Margaret ananiuliza, "Ni kama nini hasa?" Ni baraza, mama! Ni baraza tu. Lakini nani atanielewa.

Hadithi iliyotukwamisha ni ya mwandishi mwanamke, mwalimu wa shule huko Madras. Ni nyumba ya wafumaji. Kijana amekufa, amebaki mjane wake na mama mkwe. Mjane anapata kazi kiwandani mjini. Siku ya kuondoka anafunga vitu vyake kwenye kitambaa, mama mkwe amekaa barazani anamsubiri aage. Mjane anapita, anasema neno moja, anatoka. Hadithi imekwisha hapo.

Sasa wewe wajua Watamil wanavyoaga. Mtu hasemi "naenda". Anayesema naenda amejitabiria mauti, au amekata undugu. Husema "poyittu varen", naenda kisha nakuja. Ndilo lile lile la Baba! Alipokuja Tanga Kiswahili chake kikiwa cha kuombea maji, akitoka kwenda stesheni alilitafsiri mwenyewe: "Naenda narudi." Mama alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akalishika yeye kuliko Baba, na jibu lake akalitunga: "Nenda urudi." Si unakumbuka mtaa mzima ulituita watoto wa Naenda-Narudi? Na ukitoka mbio ukasema nusu, Mama anakudaka kanga mlangoni: "Sema yote!" Hata ukienda kununua chumvi.

Basi yule mjane katika hadithi alisema "poren". Naenda. Nusu tu.

Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nywele zilinisimama. Nikaitafsiri, nikampelekea Bi Margaret. Akasoma, akaniambia, "Sawa, anaondoka, anasema anaondoka. Mshangao uko wapi?" Nikaeleza nikachoka. Akashauri tuweke maelezo chini ya ukurasa. Nikamwambia hadithi ikielezwa chini ya ukurasa imekwisha kufa, haifai. Tukakasirikiana kidogo, kwa adabu, kama wanavyokasirika huku, kwa kumiminiana chai. Hiyo ilikuwa Jumamosi kabla ya barua yako.

Jumatano, yaani siku moja baada ya barua, Nargis alikuwa anatoka kwenda shule. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kila asubuhi ananiambia "Bye, Mum" akiwa ngazini, nami namwita, "Sema yote!", naye anarudi juu amevuta mdomo, anasema haraka, "I'm going, I'm coming back, okay?" Namwambia nenda urudi, anakwenda. Ni mchezo wetu tangu aanze shule. Jumatano akasema, "Bye, Mum." Nami nikasema, "Bye."

Akasimama. Sikusikia miguu ikishuka. Nikachungulia, nikamwona kashika mkono wa ngazi, kanitazama, anasubiri nimwite. Sikumwita. Haikuwa makusudi, dada, maneno yenyewe hayakuwepo mdomoni. Akaniuliza, "Mum, are you all right?" Nikamwambia basi lako litakuacha. Akashuka polepole mpaka mlangoni.

Nilikaa pale ngazini na kanga ya kulalia. Nikafikiri, huyu mtoto hakufundishwa Kitamil, na hakuna aliyemwekea maelezo chini ya ukurasa. Amejua kuna kitu kimekatika kwa sababu kila siku alikuwa akikisikia kizima. Nikainuka, nikaitoa ile hadithi. Kumbe kosa lilikuwa langu la kazi. Mwanzoni mwa hadithi watu wanaaga mara nyingi, mume anapokwenda sokoni, muuza maziwa, jirani, na kila mahali mimi nilikuwa nimeandika "goodbye", kwa kuwa ndivyo Waingereza wanavyoaga. Nilikuwa nimemnyima msomaji lile neno zima, halafu nataka ashtuke akipewa nusu. Nikazifuta zote. Kila anayetoka nikamfanya aseme naenda na narudi, hata muuza maziwa, na kila aliyebaki amjibu. Mstari wa mwisho sikuugusa.

Jana nilikwenda kwa Bi Margaret. Hakujua habari ya Mama, sikumwambia. Nikamsomea kwa sauti kama nilivyokuwa nikimsomea Baba. Kwa yule muuza maziwa alitabasamu. Nilipofika mwisho, mjane akapita barazani akasema naenda, nikanyamaza. Bi Margaret akangoja. Akaniangalia mdomo kama mtu aliyeahidiwa kitu. Kisha akasema, "Harudi." Nikamwambia hapana, harudi. Machozi yakamtoka, mtu mzima na nywele zake nyeupe, na mimi ndiye nikampa leso.

Wamelia wote, dada. Nimebaki mimi.

Njiani kurudi nilikuwa ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele, nikajiuliza swali lako kwa sauti. Unarudi au hurudi? Siku naondoka Tanga, duka alilofanyia kazi Karim limekwisha fungwa na pasipoti zetu ni za Uingereza, Mama alisimama mlangoni nikamwambia yote, naye akanijibu yote. Niliposema narudi, nilimaanisha kwake. Si kwenye chumba. Nilikuwa narudi kwa mtu aliyeniambia nenda urudi. Leo nikifika, nani ataniambia umerudi? Wewe utanipokea, najua, utanichinjia kuku, utalia na kucheka. Huenda ipo siku nitakuja. Lakini nitapiga hodi, dada, na wewe utasema karibu. Anayeambiwa karibu ni mgeni.

Kwa hiyo chumba mpe Zuhura. Asiogope, na asiseme ni cha mama mdogo nakitunza tu. Abadilishe pazia, atoboe ukuta atundike anachotaka. Kanga zangu zilizomo sandukuni azigawe, ile ya njano ibaki kwako kwa sababu Mama aliipenda na hakutaka kuniomba. Magazeti ya Baba kama mchwa hawajayamaliza, mwekee Nargis, ingawa sijui atayasoma kwa macho gani.

Umeniambia kwamba Mama kila barua yangu ilipofika alikutaka umsomee mstari wa mwisho kwanza, ahakikishe nimesema yote, ndipo akubali kusikia salamu na habari. Sikujua hilo. Barua zote hizo nilikuwa naumaliza mstari ule mbiombio, mkono umechoka.

Msalimie sana shemeji, asiache dawa ya kifua kwa kisingizio cha uchungu wake. Mpe pole mama mkubwa Bi Tatu, dada wa Mama kwa kuzoeana kuliko kwa damu, mwambie vitumbua vyake naviota. Mjomba Athumani, muadhini wetu, mshukuru kwa kumsimamia Mama kaburini. Zuhura mwambie nimempa mkono wa heri, na amwambie mumewe kwamba nyumba ile mtu hatoki bila kusema yote. Mfundishe yeye sasa, umebaki wewe peke yako wa kumdaka mtu kanga.

Karim anaingia, ananiuliza mbona giza sijawasha taa. Nargis yuko ngazini anavaa viatu, wanakwenda kutembea. Wananisubiri niwaage.

Dada, pokea mikono yangu yote miwili.

Naenda.

Mdogo wako,
Hamida