Chale Tatu Shavuni

Jumapili, 13 Julai 2025

Itangazwe rasmi, Kasese mjini na vitongoji vyake: ndevu za Swaib, dereva wa lori, zimefariki dunia leo saa nne asubuhi, kwenye saluni ya Zubairi. Zilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Zubairi alikuwa anabishana na wateja juu ya mpira, mashine ikala upande mmoja. Ikabidi zote ziende.

Sasa chale zangu ziko nje, tatu, shavu la kushoto. Zubairi kauliza kama niliwekwa alama nisichanganyikane na ng'ombe wa Karusandara. Saluni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka – ningefanyaje?

Watoto wangu niliwalea na hadithi kwamba ni kucha za simba wa Hamukungu. Simba mwenyewe sijaona hata mkia wake.

Jumanne, 15 Julai

Bwera, siku ya soko. Kavira, mama wa Butembo ninayembebea marobota ya vitenge, aliniangalia mpaka akasahau kunisalimu. Akagusa shavu lake. Anazo hizo hizo.

"Papa Swaib, kumbe uko mutoto wa kubakia."

Akasema kwao, wenye walikutangulia wakikufa, mama anakukata uso ili kifo kikuone mubaya, kikuache. Nikamwambia hata kwetu Kyondo ni hivyo. Mimi ni wa tano. Wanne wa kwanza sikuwakuta.

Nimerudi bila kuwasha redio. Binti yangu Hidayah amezika wawili. Huyu wa sasa ana siku kumi na tisa.

Alhamisi, 17 Julai

Mjukuu hanyonyi vizuri. Kliniki wamesema ni mafua tu, wametoa dawa. Wale wawili walianza hivyo hivyo.

Hidayah: "Baba, acha simba. Niambie." Nikamwambia.

Mumewe, Nasif, akasikia. Akasema dini haitaki, daktari hataki, wembe unaleta ugonjwa. Nikamwambia anasema kweli. Nikarudia mara tatu, mpaka mwenyewe nikajishuku.

Ijumaa, 18 Julai

Sikwenda swala ya Ijumaa. Nasif nilimwambia ni mgongo.

Ukweli: mgongo hauna neno. Nilikwenda kwa Hidayah na wembe mpya mfukoni. Njiani nilijiambia ni wa kunyolea, ndevu zinarudi. Lakini mtu wa kunyoa hatembei na spiriti na pamba.

Nikaviweka mezani. Hidayah hakushtuka. Akauliza, iliuma? Nikasema sikumbuki. Akauliza, na bibi, alilia wakati anakukata? Hilo sikuwahi kumuuliza mama, na sasa yuko chini ya udongo wa Kyondo.

Akamgeuza mtoto, shavu juu, akamshika kichwa. Mikono yangu, iliyoshika usukani miaka thelathini, ikashindwa kufungua karatasi ya wembe. Nikasema, subiri kidogo. Pikipiki ya Nasif ikaingia uani. Vyote vikarudi mfukoni.

Akauliza mgongo unaendeleaje. Nikasema afadhali.

Wembe uko hapa katikati ya kurasa hizi, bado umefungwa. Kesho Nasif anashinda Karusandara. Hidayah, akinisindikiza, aliuliza jambo moja tu: kesho nitakuja saa ngapi.

Nikamwambia saa nne.