Lebo za Pacha wa Konsolata

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimepalilia kahawa mpaka jua lilipokuwa kali, kisha nimekwenda hospitali, ninakosaidia kazi za kompyuta tangu nilipoacha kufundisha. Programu yangu ya kuchapa lebo za chupa za damu ya vipimo, niliyoiandika kwa lugha ya C kwenye kompyuta ya ofisini, leo nimeihamishia kwenye kompyuta mpya ya maabara. Imekubali bila kulalamika. Nimejaribu kwa majina ya wanangu. Safi.

Felisiani wa maabara: "Mwalimu, imekubali kirahisi hivyo? Mimi ningeogopa."

Nilicheka.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya.

Konsolata, mkulima wa Songambele, ameleta wanawe pacha, Bukuru na Butoyi. Butoyi amepungukiwa damu vibaya. Bukuru ana homa tu. Wauguzi wetu huandika jina la mama kwanza, la mtoto mwisho. Chupa mbili zikafika maabara na lebo moja: Konsolata Nshimirimana B. Lebo ina nafasi ya herufi ishirini na nne. Zilizozidi zimekatwa.

Chupa moja kundi A, nyingine O. Ipi ya nani? Damu isiyomfaa ingemuua Butoyi. Felisiani alikataa kuendelea, akaagiza watoto watolewe damu upya. Mtoto amesubiri, midomo imempauka.

Konsolata alinikuta mlangoni. Hakuniamkia. "Mzee, nilizaa wawili. Mashine yako imenibakizia mmoja."

Nimeona aibu.

Jioni Butoyi alianza kuwekewa damu. Lebo sasa zinaandikwa kwa kalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Butoyi bado analala tu. Nimepita wodini, nimeshindwa kukaa.

Nimejaribu jina lilelile kwenye kompyuta zote mbili. Chanzo ni amri iitwayo snprintf, inayopanga maneno ndani ya nafasi uliyoipa. Jina likizidi, hulikata, kisha hukujibu kwa namba. Ya ofisini hujibu idadi ya herufi ambazo zingehitajika. Programu ikiona imepita ishirini na nne, huligawa jina mistari miwili. Ya maabara hujibu hasi moja, yaani imeshindwa. Mimi niliuliza tu: je, jibu limezidi ishirini na nne? Hasi moja haizidi. Basi ikachapa kilichokatwa, kwa utulivu kabisa.

Amri ileile, kompyuta mbili, majibu mawili. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sikuiuliza ya pili inajibuje.

Nina hofu. Wangapi wamepita tangu Jumatatu? Felisiani amepekua chupa zote. Hakuna mwingine. Nimeketi chini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeandika upya. Sasa programu inahesabu herufi yenyewe kabla ya kupanga chochote. Kuhesabu hakubadiliki kwa kuhama ofisi. Nimejaribu jina tupu, la herufi ishirini na nne kamili, la ishirini na tano, na refu la kupita kiasi. Ofisini, kisha maabara. Sawa. Nimerudia, sina imani na furaha yangu.

Butoyi amelia kwa njaa. Muuguzi alitoka nje kuniambia.

Jumatatu, 10 Machi
Felisiani: "Safari hii usiniletee majina ya wanao, Mwalimu. Wanao wana majina mafupi." Tukatumia ya wodi nzima. Yametoka yote, mpaka herufi ya mwisho.

Konsolata anataka chupa za wanawe ziandikwe kwa mkono pia. Felisiani amekubali. Nami.

Jumatano, 12 Machi
Mvua asubuhi, kisha kukakauka.

Konsolata ameruhusiwa kurudi nyumbani na wanawe. Nilimkuta barazani akijifunga mtoto mmoja mgongoni. Alinisalimu, "Shikamoo, mzee," akanipakatisha yule mwingine. Mzito, ana joto la kawaida, mdomo una ndizi.

"Haya, huyo ni nani?"

Nilimtazama mtoto. Nikamtazama wa mgongoni. Nilitamani kujua.

"Sijui, mama. Niambie."

"Butoyi," alisema, akakaza kanga.