Kuku Uliyewachinjia Watu wa Ruzuku

Mama yangu mpenzi,

Nina hasira, na nimezileta kwako maana huku hakuna wa kuzipokea.

Unakumbuka ulipopata ruzuku ya kaya maskini mara ya kwanza? Tulikuwa tumezoea mafuta ya kupima na sabuni ya kipande. Siku hiyo ulitoka dukani na chupa nzima ya mafuta, ukaisimamisha mezani tuione. Muuza duka alikutania, "Mama Ipole, leo umeolewa tena?" Ulicheka njia nzima. Kisha ukawanunulia wadogo zangu madaftari, ukatenga nauli ya kwenda Sikonge kuchukua dawa zako za presha, na kilichobaki ukanunua matetea. Uliniambia, "Hela hii haikawii kuyeyuka. Hawa watataga."

Wakataga kweli. Ndipo walipokuja wale wawili wa tathmini, kuangalia kama bado sisi ni maskini. Nilikunong'oneza jikoni, "Mama, wape maji waondoke." Ukanikazia macho. "Mgeni aondoke kwangu na njaa? Una wazimu?" Ukachinja tetea mnono kuliko wote, ukapika wali, ukatoa na asali ya mjomba uliyokuwa umeificha hata sisi tusiione.

Walikula, mama! Yule mwenye kitambi alinyonya mpaka mifupa, akakuita mama mwenye baraka. Baadaye tukaambiwa jina lako limekatwa, kaya yetu imeshajimudu. Eti tunafuga na tunakula vizuri. Vizuri kitu gani? Sisi wanao hatukuwahi kuonja hata paja la kuku wako. Tulikuwa tunauza mayai.

Uliuza matetea mmoja mmoja kupata nauli ya dawa. Walipokwisha, ukaanza kusema unajisikia nafuu, huna haja ya kwenda Sikonge. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Ulianguka njiani ukitoka kisimani na hukuamka tena. Nawachukia wale watu, na wewe pia nakukasirikia, kwa kuwapakulia chakula kana kwamba walikuja kuposa.

Wiki iliyopita yule mwenye kitambi alirudi na tathmini yake. Sasa kaya ni mimi na wadogo zangu. Nilimpa shikamoo, nikampa kiti. Akachungulia jikoni, akasema, "Marehemu mama yenu alikuwa mkarimu sana."

Nikamuuliza, "Kuku wake alikuwa mtamu?"

Akainamia viatu vyake. Nikamwacha hivyo hivyo, nikaenda kuchochea moto.

Aliondoka saa ya chakula, maharage yakichemka, harufu imejaa uani. Sikumkaribisha. Alipotokomea njiani nilishikwa na aibu, nikakaa chini pale pale jikoni pako nikalia. Usininunie, mama. Ni mgeni wa kwanza kuondoka kwako na njaa, na akirudi ataondoka nayo tena.

Lala salama.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Ipole